Namna ya kuunda GINA kwa waya na taiti: gari la kitambaa ambalo BMW haikuliuza

Juni 2008, kule Munich, BMW walionyesha gari lisilo na bati. Bodi yake ilikuwa kitambaa: kitambaa cha kuvutika, kilichopakwa poliuretani kisipitishe maji, kikavalishwa juu ya fremu ya alumini. Wakaliita GINA. Lilipigwa picha, likapewa nafasi kwenye makumbusho ya BMW, lakini sokoni halikufika.

Mimi ni fundi wa viti vya magari, kazi yangu naifanyia Majengo, hapa Moshi. Noah, Coaster, Hiace na magari ya watalii, yote yanapita kwenye cherehani yangu. Kwenye gereji zetu fundi wa vitambaa huitwa mwisho. Watu wa bodi wakishanyoosha, wakapiga puti, wakapuliza rangi, ndipo gari linasukumwa kwetu tulivalishe ndani. Kwa GINA kitambaa kilitoka nje kikachukua nafasi ya bati, na ndiyo sababu nalipenda kuliko magari yote ya dhana, yale yanayoundwa yaonyeshwe tu. Vijana wanaojifunza kwangu huwa wanaunda modeli yake kabla sijawakabidhi kiti cha mteja. Haya ndiyo maelekezo ninayowapa, nimeyaandika kwa ajili ya yeyote mwenye mkasi, plaizi na subira.

Utapata modeli ya moja kwa kumi, urefu wake ukizidi kidogo sentimita 40. Boneti yake itapasuka katikati, macho ya mbele yatafumbuka, na taa za nyuma zitawaka chini ya kitambaa.

Lijue gari kwanza

Usikate kitu chochote kabla hujatazama video ya BMW wenyewe, ipo mtandaoni. Anayeeleza ni Chris Bangle, Mmarekani aliyekuwa mkuu wa usanifu wa BMW wakati huo. Itazame mara ya kwanza kwa raha zako. Mara ya pili isimamishe kila kitambaa kinapocheza.

Bodi nzima ya GINA ni vipande vinne. Cha kwanza, kikubwa kuliko vyote, kinaanzia puani, kinapanda na boneti mpaka ukingo wa kioo cha mbele, halafu kinashuka ubavuni na kuufunika mlango mpaka ukingo wake wa nyuma. Yaani boneti na milango yote miwili ni kitambaa kimoja, hakuna mshono kati yake. Vipande viwili vya ubavuni vinaanzia chini, karibu na gurudumu la mbele, vinapita juu ya tairi la nyuma na kuishia mkiani. Cha nne kinafunika mgongo wa nyuma, katikati. Chini ya kitambaa kuna mitambo ya umeme na ya haidroli inayosogeza fremu, na pale panapotakiwa kupinda waliweka vijiti vya kaboni. Chini kabisa ni chesisi ya BMW Z8, gari lao la michezo la viti viwili.

Sasa angalia mlango. Unapofunguka, kitambaa kinajikunja pale penye bawaba, mikunjo inaonekana waziwazi. Ukifungwa, kinajinyoosha chote, huwezi kujua kama palikuwa na mkunjo. Taa za mbele huzioni mpaka ziwashwe, kitambaa kinafumbuka na taa inachungulia. Za nyuma hazifumbuki kabisa, mwanga unapenya kwenye kitambaa chenyewe. Boneti inaachana katikati, mpasuko unaweza kufika nusu mita, na injini unaiona pale ndani.

Hayo manne, yaani mlango, jicho, taa ya nyuma na mpasuko wa boneti, ndiyo modeli yako. Mengine ni urembo.

Kitambaa: nenda Memorial

Kitambaa kipya cha kuvutika kipo madukani, lakini mimi napenda taiti ya mtumba, na mtumba wa Moshi ni soko la Memorial. Taiti ya mazoezi, ile nzito ya kukimbilia, ndiyo iliyo karibu zaidi na ngozi ya GINA. Tafuta ya kijivu inayong'aa kidogo, saizi kubwa kabisa, kwa sababu unahitaji eneo la paja. Mguu mmoja ukiuchana mshono na kuutandaza unatosha kipande cha mbele. Mguu wa pili unatoa vitatu vilivyobaki.

Usinunue kwa macho. Mimi nikifika kwenye meza nashika taiti kwa mikono miwili, naivuta urefu, halafu naivuta upana.

"Mama, balo limefunguliwa leo hilo, gredi wani! Utanichania!"

"Ikichanika nalipa, mwanangu. Niache kwanza niione."

Unachokitafuta ni kitambaa kinachovutika pande zote mbili. Vipo vinavyovutika upana peke yake. Ukikitumia hicho, upande mmoja wa gari utanyooka na mwingine utabaki na makunyanzi, na hakuna sindano itakayokuokoa. Kisha kiachie ghafla. Kikirudi palepale, kizuri. Kikibaki na tumbo, uzi wa mpira ndani umeshachoka, kirudishe mezani. Pima hasa kwenye magoti, maana hapo ndipo taiti huchoka mapema. Hata taiti nzima iliyo safi, mimi eneo la magoti huwa silikati kwa ajili ya kipande cha mbele.

Mwisho inua kitambaa juani na uweke kiganja nyuma yake. Ukiona kivuli cha vidole lakini huoni vidole vyenyewe, kitapitisha mwanga wa taa na kitaficha waya. Ukiona kucha, ni chepesi mno, fremu yote itaonekana. Usipoona kitu, taa zako za nyuma hazitawaka.

Vitu vingine ni vya kawaida. Waya wa milimita 3 kwa mistari mikuu, waya mwembamba zaidi kwa mistari midogo, na waya wa kufungia nondo wa kukazia viungio. Ubao wa plaiwudi wa sentimita 45 kwa 20. Supaglu. Sindano ya mkono nyembamba, uzi wa nailoni, na mshipi wa kuvulia samaki, ule usioonekana. Taa nne ndogo za LED na betri ya tochi. Utepe wa umeme, ule mweusi. Magurudumu toa kwenye gari bovu la kuchezea au kata kwenye ndala, hilo watoto wa mtaani kwako wanalijua kuliko mimi.

Vipimo bila kubahatisha

Z8 ina milimita 2505 kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi kitovu cha gurudumu la nyuma. Kwa moja kwa kumi, hiyo ni sentimita 25. Hicho ndicho kipimo pekee unachohitaji kukijua. Vingine vyote picha itakupa.

Tafuta picha ya GINA iliyopigwa ubavuni moja kwa moja. Kama unaona sehemu ya pua na ubavu kwa pamoja, hiyo imepigwa kwa kona na itakudanganya vipimo. Ukiipata nenda steshenari, waambie wakuze mpaka kati ya vitovu vya magurudumu mawili kuwe na sentimita 25 kamili. Karatasi moja ya A3 haitatosha, wagawe mara mbili uunganishe kwa selotepu. Baada ya hapo huhitaji hesabu tena. Kimo cha kioo, urefu wa pua, ukubwa wa tairi, vyote unaviwekea rula juu ya karatasi na ndivyo vilivyo kwenye modeli. Fanya vivyo hivyo kwa picha ya mbele na ya nyuma, ukitumia kimo cha tairi kuhakikisha picha zote zina kipimo kimoja.

Bandika picha ya ubavu ukutani mbele ya meza yako na nakala yake iwe mezani. Waya utakunjwa juu ya ile ya mezani.

Fremu ndiyo kazi yenyewe

Hapa nakuomba usome taratibu, maana robo tatu ya uzuri wa GINA iko hapa na vijana wengi hupenda kupakimbia ili wafike kwenye kitambaa.

Kiti cha gari kina sponji. Sponji inasukuma kitambaa kutoka ndani, ndiyo maana kiti kinatokeza na kuwa na umbo la duara. Kwenye fremu ya waya hakuna kinachosukuma. Kitambaa kilichovutwa kati ya waya mbili hupita njia fupi kuliko zote, yaani kinanyooka. Kikivutwa na nyaya zilizopinda kuelekea pande tofauti, kinazama katikati, kinakuwa na bonde. Kutokeza nje hakitokezi kamwe, labda uwekee kitu nyuma yake. Hili si suala la ustadi wako, ndivyo kitambaa kilivyo.

Ukishalielewa hilo, tazama tena picha ya GINA. Utaona mistari mikali inayokimbia kutoka puani hadi mkiani, na kati ya mistari hiyo ubavu umezama kidogo. Chini ya kila mstari kuna fremu, na kila bonde ni kitambaa kikipita njia yake fupi. Ndiyo furaha yangu kubwa kwa gari hili: mchoraji alikaa chini akakubali kile kitambaa kinachotaka, hakukilazimisha kuiga bati. Mtu wa bati anaweza kugonga umbo lolote alitakalo. Mtu wa kitambaa anachagua mistari tu, na yaliyo kati ya mistari anaiachia nguvu ya kuvutana.

Kwa hiyo usijaze nyaya. Waya wa ziada utatokeza kama mbavu na kuharibu bonde. Mistari unayoihitaji kila upande ni hii: ule wa chini kabisa, kati ya tairi na tairi, tao la kila tairi, mstari mrefu wa begani, unaoanzia juu ya taa ya mbele, unapita juu ya mlango na kufika mkiani, na ukingo wa nyuma wa mlango. Katikati unahitaji ukingo wa kioo cha mbele, mistari miwili ya boneti inayokwenda sambamba na kuacha nafasi ya mpasuko, na ukingo wa mkia.

Kunja waya wa upande wa kulia juu ya karatasi mpaka ulale juu ya mstari bila kuachana. Kisha geuza karatasi, weka kwenye kioo cha dirisha mchana, chora mistari upande wa pili, na ukunje waya wa kushoto juu ya mchoro huo. Viweke vyote viwili mgongo kwa mgongo. Visipolingana hapo, rekebisha sasa. Kitambaa hakifichi fremu iliyopinda, kinaitangaza.

Funga kila kiungio kwa waya wa nondo mizunguko michache, kaza kwa plaizi, kata, halafu tia tone la supaglu. Ncha zote zilizokatwa zigeuze zitazame ndani na uzizungushie utepe wa umeme. Pitisha kipande cha soksi ya nailoni juu ya fremu nzima, polepole, kila kona. Kikinasa mahali, taiti nayo itanasa hapohapo, na taiti iliyovutwa ikitobolewa na ncha ya waya tundu halibaki dogo.

Mlango ufanye fremu yake peke yake, na ufungie kwenye fremu kuu kwa vitanzi viwili vya waya upande wa mbele, uweze kunyanyuka kwenda juu. Ukingo wake wa nyuma ubaki huru. Kioo cha mbele kata kwenye chupa ya maji ya plastiki, sehemu iliyonyooka.

Acha gundi ikauke usiku kucha kabla ya kuvuta kitambaa.

Jaribio la wembe, na kwa nini gari hili halikuuzwa

Wakati fremu inakauka, chukua kipande cha taiti cha ziada. Kilaze mezani kikiwa kimelegea, kiguse kwa wembe: kinapata mchano mdogo, basi. Sasa kivute kwenye kopo la rangi lisilo na mfuniko, kikaze kwa lastiki, ukiguse tena kwa nguvu ileile. Mchano unafunguka wenyewe na kuwa jicho. Nguvu ileile inayoondoa makunyanzi ndiyo inayopanua jeraha.

Fikiria gari la namna hiyo limeachwa stendi usiku. Fikiria tawi la mti kwenye barabara ya kijijini, au kokoto linalorushwa na tairi la lori. Mlango wa gari la leo una vyuma ndani vya kumkinga abiria akigongwa ubavuni, na mlango huo ni mzito, unatakiwa ufunguke bila kuchana ngozi yake mara maelfu. Kitambaa kinachovutwa mchana kutwa juani nacho huchoka, nawaambia kwa uzoefu wa viti vinavyokaa dirishani. BMW nao hawakusema wataliuza. Waliliunda ili wachoraji wao waulize maswali: kwa nini bodi iwe ngumu, kwa nini taa ionekane mchana, kwa nini usukani usikusubiri ukae ndipo usogee. Kwenye GINA, usukani na saa za dashibodi zinasogea mahali pake dereva akishaketi, na mto wa kichwa unainuka kutoka kwenye kiti.

Kitambaa chenyewe kwenye bodi hakikuwa kigeni. Miaka ya 1920 Charles Weymann alikuwa na mtindo wake wa bodi za mbao zilizovalishwa kitambaa. Vipande vya mbao viliungwa kwa vibati ili mbao isiguse mbao, hivyo bodi haikupiga kelele barabarani, na Bentley nyingi zilivalishwa hivyo. Huko Chekoslovakia kulikuwa na Velorex, gari la magurudumu matatu, fremu ya mabomba iliyofunikwa reksini na kufungwa kwa vifungo. Hiyo iliuzwa, ikatengenezwa mpaka 1971. Nikitazama picha za Velorex naona kazi ambayo ningeimaliza kwenye kibanda changu. Lakini kwenye hizo zote kitambaa kilifunika umbo lililokwisha kuamuliwa. Kwenye GINA fremu inasogea na ngozi inafuata, na hapo ndipo upya wake ulipo.

Nafurahi kwamba gari limehifadhiwa. Magari ya dhana mengine hayakupata bahati hiyo. Chrysler walitengeneza magari 55 ya turbine, yaliyobebwa na injini ya jamii ya ile ya ndege, na kati ya 1963 na 1966 wakawapa watu wa kawaida 203 wayatumie kwa zamu. Yalikubali dizeli, mafuta ya taa, hata tekila. Jaribio lilipokwisha karibu yote yakaharibiwa, yakabaki 9. Mtu aliyeshona viti vya magari yale alishona kazi safi mno, nimeziona picha zake, na inaniuma kila nikikumbuka.

Kukata na kuvalisha

Usikate kitambaa kwa kipimo cha fremu. Chora kwa chaki mstari wa sentimita 10 kwenye kitambaa kilicholegea, kivute mpaka kikaze kiasi unachokitaka, upime tena mstari huo. Ukiwa umefika sentimita 12, basi kila sentimita 12 za fremu zinahitaji sentimita 10 za kitambaa. Pima urefu na upana kila mmoja peke yake, maana mara nyingi havilingani.

Patani yake tengeneza kwa mfuko wa nailoni. Tandaza nailoni juu ya fremu, bandika kwa selotepu, chora mistari kwa kalamu ya wino mzito, kata, punguza kwa kile kipimo ulichopata, halafu ongeza sentimita moja na nusu pande zote za kukunjia ndani. Panga vipande vyote vielekee upande mmoja wa kitambaa. Taiti inayong'aa, ukigeuza kipande kimoja, kitaonekana cha rangi nyingine.

Anza na kipande cha mbele. Tia pini katikati ya pua, kisha katikati ya ukingo wa kioo. Kisha ukingo wa nyuma wa mlango wa kulia, halafu wa kushoto. Katikati kwanza, upande kwa upande, kona mwisho. Ndivyo tunavyovalisha kiti na ndivyo GINA inavyovalishwa. Ukianza na kona, kunyanzi itakimbilia katikati na itakaa hapo. Ukiona kunyanzi, usivute pale ilipo. Fuata mstari wake unaelekea wapi, nenda kwenye ncha yake, vuta hapo.

Ukiridhika, shona kwa mkono kwa ndani, uzi ukizunguka waya, mshono mfupi wa kuzunguka. Usibandike kwa gundi mbele: gundi inapenya, inakauka ngumu na kuacha doa jeusi linaloonekana juu. Kwenye mlango, kitambaa kishikwe na ukingo wa nyuma wa fremu ya mlango na mstari wake wa chini tu. Pale penye bawaba kiache kipite huru bila mshono wowote. Fungua mlango: kinajikunja. Ufunge: kinanyooka. Kikibaki na alama, kimelegea, fungua mshono wa ukingo wa mlango ukivute milimita chache.

Baadaye valisha vipande vya ubavuni, ukingo wake wa juu ukikunjwa chini ya mstari wa begani. Cha mgongo kinaingia mwisho na kuficha mishono ya vyote.

Boneti na macho

Mpasuko wa boneti kata ukiwa na kitambaa kimeshakazwa, siyo kabla. Kabla ya kukata, shona kwa mkono mistari miwili ya zigizaga, milimita 4 kati yake, sambamba na nyaya za boneti. Tia kishika-uzi: supaglu kidogo sana kwenye ncha mbili za mpasuko, mahali ambapo mchano ungependa kuendelea. Ndipo upitishe wembe katikati. Kitambaa kitaachana chenyewe. Ili kifunge, kunja kila mdomo kuzunguka waya mwembamba, na nyaya hizo mbili zikutane kwa sumaku ndogo za spika au redio mbovu. Ndani weka injini, hata kama ni kipande cha ubao kilichochongwa. Mpasuko usio na kitu ndani unasikitisha.

Jicho ni dogo na ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kata mpasuko wa sentimita 3 kufuata mstari wa taa, baada ya kushona zigizaga kama mwanzo. Kunja mdomo wa juu na wa chini kwa ndani, upana wa milimita 3, ushone uwe kama njia. Pitisha mshipi wa kuvulia kwenye kila njia, ncha ya ndani ifungwe kwenye fremu, ncha ya nje ishuke chini ya ubao, ila ule wa mdomo wa juu upande kwanza uzunguke waya ulio juu ya jicho. Midomo imefunga kwa sababu hapa kitambaa kinavutwa kutoka ncha mbili za mpasuko, siyo kutoka juu na chini. Ukivuta mishipi miwili chini ya ubao, midomo inaachana na LED inatazama nje. Ukiachia, inafumba. Fanya jicho moja kwanza likubali vizuri ndipo uende la pili, na funga mishipi ya macho yote kwenye kifimbo kimoja ili yafumbuke pamoja.

Taa za nyuma ni rahisi: LED nyekundu milimita 5 nyuma ya kitambaa, na kipande cha karatasi nyeupe kati yake ili mwanga usambae. Ukiiweka imegusa kitambaa utapata nukta, ukiiweka mbali utapata ukungu.

Usipulize rangi. Rangi inakauka, kitambaa kinavutika, inapasuka pale bawabani siku ya kwanza. Vumbi la Moshi likikaa juu yake, litoe kwa selotepu iliyogeuzwa, usilowanishe. Iweke mbali na dirisha, na mlango uache umefungwa.

Ukitaka nyingine

Mwenye kadibodi aende kwenye Lancia Stratos Zero ya 1970, kazi ya mchoraji wa magari Marcello Gandini akiwa kwenye kampuni ya usanifu ya Bertone. Ina sentimita 84 tu kwenda juu, kwa hiyo modeli yako itakuwa na sentimita 8.4, na mtu aliingia kwa kufungua kioo cha mbele. Ni bapa kwa bapa, mkasi na rula vinatosha. Anayependa mitambo aunde Dymaxion ya 1933, gari la mvumbuzi Mmarekani Buckminster Fuller, magurudumu matatu, usukani ukigeuza gurudumu la nyuma. Usukani huo ufanye kazi kweli, usiuchore tu.

Na mwenye bati la kopo na mkasi wa bati, kuna Nyayo Pioneer ya jirani zetu Kenya. Rais Moi aliwaomba watu wa Chuo Kikuu cha Nairobi walitengeneze mwaka 1986. Yakatoka magari matano, likafikia mwendo wa kilomita 120 kwa saa, likazinduliwa 1990, kisha fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana. Bodi yake ni ya mistari iliyonyooka, bati la kopo linaikubali bila kubembeleza. Hiyo usiivalishe kitambaa. Tafuta picha ya ubavu iliyonyooka, pima kati ya vitovu vya magurudumu, na uanze kukunja.